Mvuke wa Sufuria Tupu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Haerin aliwasha majiko dukani kwa mama yake. Duka lao lilikuwa la tteok, mikate ya mchele inayopikwa kwa mvuke, kwenye uchochoro nyuma ya soko mjini Daegu. Alijaza maji, akafunika sufuria, na baada ya muda mfupi mvuke mweupe ulitoka dirishani hadi ng'ambo ya njia.

"Zote tatu?" aliuliza Haerin.

"Zote tatu," alijibu mama yake.

"Lakini mchele tulionao ni wa sufuria moja tu."

"Nani amekuuliza habari za mchele? Washa!"

Haerin aliwasha. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alijua vizuri kwamba sufuria mbili zilichemsha maji matupu.

Shida ilianza majira ya kuchipua, halmashauri ilipozungushia uchochoro mabati ili kubadilisha mabomba ya maji machafu. Walisema kazi itachukua miezi miwili. Waliosema hivyo hawakuwa na duka mtaani pale. Sasa ilikuwa Novemba, mwezi wa mtihani mkuu wa kuingia chuo kikuu, ambapo kila mtahiniwa hupewa tteok ya mchele unaonata, ili naye anate kwenye chuo anachokitaka. Miaka mingine wateja walipanga foleni hadi kwa kinyozi. Mwaka huu walinunua kwenye duka kubwa la barabarani. Nani azunguke mabati yote yale?

Mwezi wa Septemba mama alijikaza akaenda kwa mwenye nyumba, Mzee Pyo, kumweleza kwamba kodi ya pango imemshinda kidogo. Alirudi uso umechangamka.

"Ameniambia, 'Mama Haerin, usijali. Lete polepole.'"

"Polepole maana yake nini?" aliuliza Haerin. "Amepunguza, au amesogeza mbele?"

"Mtoto wewe! Mtu mzima akikuonea huruma, unamhoji kama polisi?"

Lakini neno lile lilimkaa Haerin kooni kama mwiba wa samaki. Tangu siku hiyo hawakulipa kodi. Miezi miwili ilipita. Wa tatu ulikuwa uishe Ijumaa.

Jumanne, alipotoka shule, alimkuta kijana wa Mzee Pyo mlangoni pa duka akiwa na mwanamume aliyeshika utepe wa kupimia. Mama alikuwa amekwenda kupeleka oda.

"Mlango huu tutaupanua," alikuwa akisema yule mwanamume, huku akichora alama ya chaki kwenye fremu. "Mashine ya kahawa itakaa pale."

"Mnapima nini?" aliuliza Haerin.

Kijana Pyo aligeuka haraka. "Aa, binti! Umekua, eh? Tunapima unyevunyevu ukutani. Baba ana wasiwasi na ukuta."

"Unyevu unapimwa kwa utepe?"

Mwenye utepe aliangua kicheko. Kijana Pyo hakucheka.

Haerin alikimbilia kibandani kwa Bibi Maeng, mchonga mihuri, pale uchochoro unapoanzia. Bibi Maeng hakumaliza hata shule ya msingi. Sheria za upangaji alijisomea mwenyewe, usiku baada ya usiku, hadi kurasa zikachanika.

"Hamjalipa miezi mingapi?" aliuliza baada ya kusikia habari za utepe.

"Miwili. Ijumaa itakuwa mitatu. Lakini Mzee Pyo alisema tulete polepole."

Bibi Maeng aliweka patasi chini. "Mwaka 1998 nilikuwa na duka la vitambaa, palepale panapouzwa simu siku hizi. Mwenye nyumba wangu aliniambia neno hilohilo. Lete polepole, Mama. Nikamshukuru hadi nikainama. Miezi mitatu ilipotimia akaniletea barua ya kuhama. Nikamkumbusha maneno yake. Unajua aliniuliza nini? 'Yameandikwa wapi?' Niletee mkataba wenu."

Haerin aliuleta. Bibi Maeng alishusha kidole hadi kifungu cha tisa: mpangaji akifikisha deni la kodi ya miezi mitatu, mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba.

Jioni ile Haerin alimweleza mama yake yote, akamsihi aombe ahadi ile kwa maandishi. Mama alitikisa kichwa.

"Nimwombe karatasi mtu aliyekununulia sare ya shule? Ataona namwita mwizi."

"Na kama ni mwizi?"

"Haerin! Funga mdomo wako."

Siku mbili Haerin alimchunguza Mzee Pyo kila alipopita. Mzee alisimama ng'ambo ya njia, mikono nyuma, akiliangalia dirisha lao bila kusema neno. Kumbe anahesabu siku, Haerin aliwaza.

Ijumaa asubuhi Mzee Pyo aliingia dukani na mwanawe. Bibi Maeng alikuja nyuma yao bila kualikwa, akakaa kwenye gunia la mchele.

"Mama Haerin," alianza mzee, "mwanangu anasema unauza vizuri, hela unazificha. Nilimkatalia. Lakini kila siku naona mvuke. Sufuria tatu! Sisemi unanidanganya. Nauliza tu."

Kumbe mzee naye alikuwa akiwashuku wao!

Mama alikodolea macho sakafu. Haerin alichukua kitambaa, akafunua sufuria ya kwanza. Maji. Akafunua ya pili. Maji. Katika ya tatu palikuwa na sinia moja ya tteok.

"Mama, mwambie," alisema kwa sauti ndogo.

"Ni aibu, Mzee," alisema mama, na machozi yakamtoka. "Duka la tteok lisilotoa mvuke watu hulipita kama kaburi. Nikawa nawasha tu. Sina wateja. Naomba unipunguzie kodi hadi mabati yaondolewe. Na naomba... naomba tuandikiane."

"Tuandikiane?" Mzee Pyo alinyanyua nyusi. "Miaka kumi na moja, leo unanidhania mwizi?"

"Hapana, babu," alidakia Haerin. "Neno 'polepole' ndilo tunaloliogopa. Tazama mlangoni."

Mzee alipapasa ile alama ya chaki. "Hii ni nini?" alimuuliza mwanawe. "Si uliniambia unapima unyevu?"

"Baba, wenye mkahawa watalipa mara mbili!" kijana alifoka. "Na hawa leo wanatimiza miezi mitatu. Mkataba si uliupiga muhuri wewe mwenyewe?"

"Kwa hiyo ulipolisikia neno langu, polepole, wewe ulielewa kwamba nawategea hiyo miezi mitatu?"

Kijana alianza kuifuta ile chaki kwa kiganja.

Mzee Pyo alivuta kiti, akakaa. "Na mabati yakikaa miaka mitano? Mimi nitakula nini?"

"Basi weka tarehe," alisema Bibi Maeng. "Nusu kodi kuanzia mwezi huu hadi mwisho wa Machi, kisha mkae tena. Ile miezi miwili ya nyuma isihesabiwe kuwa deni la kuvunja mkataba. Ailipe kidogokidogo mwaka ujao."

"Mimi pia nina sharti," alisema mzee. "Usichemshe tena maji matupu, Mama Haerin. Unachoma gesi bure, na mimi unanidanganya."

Mama alicheka huku analia. Bibi Maeng aliandika nakala mbili kwa mwandiko wake aliojifunza mwenyewe. Mzee alitoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akaugandamiza kwenye karatasi. Mama naye akapiga wake.

Walipoondoka, Haerin alisema, "Nilidhani mzee ndiye mbaya."

"Ulimshuku mzee, ukakosea," alisema Bibi Maeng. "Ulimshuku mwanawe, ukapatia. Karatasi haina haja ya kujua yupi ni yupi, na ndiyo maana tunaiandika. Nawe Mama Haerin, uliona aibu kusema shida yako, ukaona aibu kuomba maandishi. Aibu hizo mbili zilibakiza siku ya leo tu zikutoe mlangoni, kama mimi. Mwenye shida aiseme kama ilivyo. Akiahidiwa, aombe iandikwe. Hilo si tusi. Aliyenitoa mimi mwaka ule alitaka niamini kwamba ni tusi."

Asubuhi iliyofuata Haerin alishika kiberiti, akasita.

"Ngapi, mama?"

"Moja," alisema mama. "Mchele tulionao ni wa moja."