Taji Alilovaa Marehemu

Jumamosi saa tatu asubuhi, Nyasho, Musoma, Shida aligundua kwamba kaka yake aliyezikwa mwezi uliopita amevaa taji jipya.

Haikuwa ndoto. Ilikuwa kwenye simu, ndani ya mchezo wa mtandaoni ambao Clementi na wenzake waliucheza kwa kundi, wakiua madubwana na kuokota yanayodondoka. Tangu msiba, Shida huufungua ili amwone tu yule mpiga mishale wa kaka yake amesimama. Wiki iliyopita alikuwa kichwa wazi.

Mama yao, Petronila, hakuelewa mambo ya madubwana, lakini wizi aliuelewa. Clementi alifukiwa na kifusi kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kule Buhemba. Boniphace, mwenzake wa shimoni na mwanafunzi wake wa mchezo, aliapa mbele ya waombolezaji kwamba simu ilizikwa humo humo chini ya kifusi. Sasa nani anamchezea mwanawe?

"Ni Evance tu, yule wa kundi lao la mchezo," alimwambia Sajenti Hyasinta kituoni. "Ngao ya Clementi anayo yeye. Mkamateni."

Saa sita mchana sajenti alikuwa Bunda na Shida, kwenye kibanda cha Evance cha kutengeneza simu.

"Ngao ya marehemu umeipata wapi?"

"Alinipa mwenyewe, afande."

"Marehemu hawezi kukukanusha. Unajua kuchagua shahidi."

Evance aliweka bisibisi chini. "Vitu vinavyodondoka viko vya namna tatu. Kuna makapi: kucha, manyoya, yeyote anaokota. Kuna adimu: hivyo tunagawanaga kwa zamu, na ukipata unaweza kumpa mwenzako. Ngao ni adimu. Alinipa kabla hajaenda Buhemba."

"Ni kweli," Shida alisema. "Nilikuwepo. Nilimwambia mama, hakutaka kusikia."

"Na namna ya tatu?" sajenti aliuliza.

"Ya mwenyewe. Inamdondokea yule aliyempiga dubwana. Huwezi kuigawa, huwezi kuiuza, hata kuazima huwezi."

Shida akamsogezea simu. Evance alilitazama taji mpaka uso ukambadilika.

"Hili ni la dubwana Babu Magamba. Ni la mwenyewe."

"Nieleze kama mtu asiyecheza."

"Hakuna aliyemvisha, afande. Huyu mpiga mishale kapigana, kalipata. Na Babu Magamba kaletwa kwenye mchezo juzi, sisi tumeshazika."

"Nywila yake unayo?"

"Hakumpaga mtu. Akaunti ilibaki wazi kwenye simu yake tu."

"Kwa hiyo anayecheza..."

"Simu anayo mkononi."

Sajenti Hyasinta alimwomba radhi Evance, jambo asilolizoea, kisha akampigia Petronila ajiandae kwenda kwa yule aliyeapa kwamba simu ilizikwa.

Saa kumi jioni walimkuta Boniphace Buhemba, kwenye banda la chai. Alisimama haraka. "Shikamoo mama," alimwambia Petronila, sauti laini kama ya mtoto wa nyumbani.

"Nirudie maelezo yako," sajenti alisema. "Simu ya Clementi iko wapi?"

"Ilizikwa, afande. Mungu ni shahidi wangu."

Sajenti alimtazama Shida. Shida akabonyeza, akamtumia kaka yake mwaliko wa vita. Tarumbeta ikalia mfukoni mwa koti la Boniphace.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa na urefu wa meza ya chai. Aliitoa simu, akaiweka mezani.

"Uliichukua kwa maiti?"

"Hapana. Alinipa." Aliisukuma simu mbali naye. "Kifusi kilimbana kiunoni. Alikuwa mzima. Akasema, Boni, panda juu, mtandao uko juu, ita watu."

"Ukaita?"

"Duara lilishapigwa marufuku, afande. Mimi ndiye nilimwingiza. Ningefungwa."

"Ukafanya nini?"

"Nilikaa mdomoni mwa shimo. Mpaka aliponyamaza."

Petronila hakulia. "Alikuwa anamwita nani?"

"Mimi, mama. Alikuwa ananiita mimi."

Shida ndiye aliyeuliza, "Kwa nini ukacheza?"

"Yeye ndiye alinifundishaga. Nikimfungua, anasimama, anapumua. Nikaona bora aendelee hata humo."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililochukiza zaidi. Ushujaa wote aliokosa shimoni alikwenda kuutumia kwa Babu Magamba.

Alipofungwa pingu, Petronila alimgeukia sajenti. "Lile taji. Mvueni mwanangu."

"Kulivua kunataka simu yake, mama, na simu sasa ni kielelezo. Mpaka kesi iishe."

"Basi apewe mtu mwingine."

"Haiwezekani kumpa mtu," Shida alisema.

Petronila aliichukua simu ya binti yake na kumtazama Clementi kwa mara ya kwanza mle ndani: amesimama, anapumua, kichwani taji alilopatiwa na mtu aliyemwacha afe. Akakifunika kioo kwa pindo la kanga yake.