Mtani Aliyekata Miwaridi ya Yuliana

Hutaamini. Naapa hutaamini! Mwanamke mmoja aliingia kwenye shamba la mwenzake na kisu, mchana kweupe. Akakata miwaridi yote, ikabaki vijiti. Mwenye shamba akamkuta hapo hapo. Na hakumfanya kitu! Tena baadaye alimshukuru mbele za watu. Kaa hapo hapo, nakupa mwanzo mwisho.

Ni zamani, enzi za Mjerumani. Reli ilikuwa imefika Morogoro mjini juzi juzi tu. Juu ya mji, kwenye miteremko ya Uluguru, aliishi mama mmoja anaitwa Yuliana, na mumewe Alois, na binti yao Modesta.

Asubuhi Yuliana anasali, anapika uji, anashuka bondeni na jembe. Huko bondeni unapita mfereji wa maji. Kuna kivuli cha migomba, na chini yake magimbi, makubwa kama kichwa cha mtoto. Kipande kile ndicho kilicholisha nyumba yao.

Lakini ardhi ya Waluguru ni ya lukolo, yaani ukoo wa mama. Anayeigawa ni mjomba. Mjomba wa Yuliana ni mzee Andrea. Huyo mzee maneno hayamwishi!

Sasa sikia. Masika yalipoanza, sista mmoja wa misheni alimpa Yuliana miche ya waridi. Yuliana furaha tele! Modesta alikuwa ameposwa, harusi ni baada ya mavuno. Yuliana akatangaza pale mferejini, wanawake wote wanasikia.

"Mwanangu ataingia kanisani na mawaridi mkononi! Ya shambani kwangu!"

Akafikiri: kitu kizuri kinapandwa mahali pazuri. Na mahali pazuri kwa Mluguru ni wapi? Ni bondeni, kwenye maji na kivuli. Akang'oa magimbi nusu ya kipande, akapanda waridi palepale.

Mjomba Andrea akaja mbio.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mpwa wangu, umeng'oa chakula ukapanda miiba?"

"Ni mawaridi, mjomba. Ya harusi ya mjukuu wako."

"Mawaridi yanaliwa na chumvi?"

Watu wakacheka. Mjomba akasema, "Basi sikia. Siku ya harusi nataka kuliona hilo ua. Lisipokuwepo, kipande hiki nampa mke wa Petro, yule mpwa wangu mwingine. Yeye anajua kupanda magimbi."

Umeona? Sasa si maua tena. Ni shamba. Ni chakula cha nyumba nzima.

Yuliana akaongeza bidii. Kila jioni anamwaga maji juu ya majani mpaka yanachuruzika. Kumbe kadiri anavyomwaga, ndivyo mambo yanavyoharibika. Majani yakaota madoa meusi. Yakawa njano, yakadondoka. Matawi yakarefuka, membamba, yanatafuta jua. Ua hata moja hakuna. Sista naye kahamishwa. Na zama zile hakuna simu, useme utatafuta mtandaoni uone shida ni nini.

Masika yakaisha. Siku moja Yuliana anashuka bondeni na mtungi wa maji kichwani, jembe begani. Anafika, anaona nini? Miwaridi yote imekatwa! Katikati kakaa mwanamke kajifunga kanga, ana kisu, anaimba.

Alikuwa Chausiku. Chausiku kazaliwa hapo hapo milimani, ila alilelewa na shangazi yake Bagamoyo. Huko akakua, akaolewa, na mumewe alipofariki akarudi kwao. Alikuwa jirani mpya.

Mtungi ukaanguka, paa! Yuliana akashika mpini wa jembe.

"Chausiku! Umeniua! Leo mimi na wewe!"

Chausiku hakusimama hata. "Nipige basi. Halafu ukamwambie mjomba wako kwamba umempiga mtani."

Yuliana akaganda na mpini wake juu.

Maana ukoo wa Chausiku na ukoo wa Yuliana ni watani tangu mababu. Watani wanazikana. Wanachambana huku wanacheka. Mtani akichukua kuku wako, unacheka. Ukikasirika, kosa ni lako wewe, na faini unalipa.

Mjomba Andrea akafika, maana kelele zilipanda mpaka kwake. Akaangalia vile vijiti. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mtani kafanya kazi ya mtani! Yuliana, shusha mpini, usituaibishe. Eti, mke wa Petro yuko wapi? Mwambieni anoe jembe!"

Akaondoka anacheka. Yuliana akakaa chini, akalia.

Chausiku akamsogelea. Sasa sauti yake imetulia.

"Mtani, futa machozi, uone." Akashika mche mmoja, akauvuta. Ukatoka kirahisi, kama kijiko kwenye uji. "Nusa mizizi."

Yuliana akanusa. "Inanuka! Imeoza!"

"Umeizamisha. Gimbi linapenda tope. Mwaridi hautaki. Mwaridi unataka maji yapite, yasikae. Na unataka jua, kuanzia asubuhi. Hapa kwenye migomba jua linaingia saa ngapi?"

"Haliingii."

"Na wewe unayaogesha majani jioni. Yanalala yamelowa, yanapata madoa. Mwagia chini, kwenye shina, tena asubuhi."

"Wewe umejulia wapi?"

"Shangazi alikuwa anapika marashi ya waridi. Mimi na miiba ile tumekua pamoja." Akaonyesha mikono yake, imejaa makovu madogo.

"Sasa kwa nini ulinikatia bila kuniambia?"

"Ningekuambia, ungekubali?"

Yuliana akafikiri. "Nisingekubali."

"Basi ndiyo faida ya mtani!"

Yuliana akacheka huku kamasi zinamtoka.

Wakaichagua miche ambayo mizizi yake bado myeupe. Iliyooza kabisa wakaitupa. Mizima wakaipandisha juu, nyumbani. Chausiku akazunguka nyumba mpaka akafika pale penye changarawe, ambapo Modesta huanika mahindi. Hapo hata bamia zilikataa kuota.

"Hapa," akasema.

"Mtani, hapa ni mawe matupu!"

"Jua lipo. Maji hayatuami. Udongo tutautengeneza."

Alois akachimba mashimo, marefu mpaka kwenye kiwiko. Modesta akaleta samadi ya mbuzi.

Chausiku akaishika. "Hii bado ina moto, itaunguza mizizi. Leta ya zamani, iliyooza mpaka hainuki."

Wakachanganya samadi ile na udongo mwekundu. Wakapanda, wakashindilia kwa mikono. Wakafunika udongo kwa majani makavu, lakini hawakuyagusisha na shina. Kisha Chausiku akampa Yuliana kisu.

"Tawi hili nimekuachia. Unaona kijicho hiki, panapochipua? Kinaangalia nje. Kata juu yake kidogo, kwa mshazari, maji ya mvua yateleze. Tawi jipya litakwenda nje, na katikati patapita hewa."

Yuliana akakiegemeza kisu juu ya kijicho. Akakata.

Na vile vipande vilivyokatwa? Hawakuvitupa! Vyenye unene wa kidole kidogo wakavichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, mpaka vitoe mizizi. Mche mmoja unazaa bustani, yaani bure!

Basi wakasubiri. Na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mjomba Andrea kila akipita anavua kofia. "Hamjambo vijiti? Harusi mtakuja?" Mke wa Petro naye akaja kupima kipande cha bondeni kwa hatua, Yuliana anamwona.

Kipupwe kikaingia. Asubuhi moja Modesta akapiga kelele nje.

"Mama! Mama njoo! Kuna jekundu!"

Hayakuwa maua. Yalikuwa majani machanga, mekundu, yametoka kwenye kila kijicho. Baada ya hapo, matumba. Yuliana akaanza kuimba tena.

Hapo hapo, wadudu! Vidukari, vidogo, vya kijani, vimejazana kwenye matumba vinafyonza. Yuliana akakimbia kwa Chausiku bila hata viatu.

"Mtani, yananifia, na harusi imekaribia!"

"Kwani wewe sabuni huna? Koroga kidogo kwenye maji, uyapake matumba kwa kitambaa, hasa chini ya majani. Ukiviona tena, rudia."

Akafanya hivyo. Akaviona tena, akarudia. Vidukari vikaisha.

Halafu siku ya harusi, jamani! Jua linachomoza juu ya Uluguru, na ile changarawe yote imewaka. Mawaridi mekundu, mazito, yana umande. Harufu inafika njiani. Watu waliokuja kumchukua bibi harusi wakasimama kwanza, wakasahau kupiga vigelegele. Kisha wakavipiga mpaka bonde likaitika!

Modesta akatoka na mawaridi mkononi. Ya kwao. Ya pale penye mawe.

Mjomba Andrea akavua kofia, na safari hii hakutania. "Mpwa wangu, ua nimeliona. Kipande ni chako."

"Asante, mjomba. Na kule bondeni nimesharudisha magimbi."

Mjomba akapeleka mkono kwenye ua moja, alichomeke kwenye kofia.

"Usivute, mjomba!" Yuliana akampa kisu. "Kata juu ya kijicho kinachoangalia nje. Ukikata vizuri, litatoka jingine."

Kisha akasimama juu ya kinu, watu wote wanamwona. "Aliyeleta maua haya ni mtani wangu Chausiku. Alinikata maini kwanza, halafu akanifurahisha!"

Chausiku alikuwa anapita na kuku wawili wa Yuliana kwapani.

"Hao kuku je?" Alois akauliza.

"Mtani kachukua vyake," Yuliana akajibu, na kijiji kizima kikacheka.

Sasa nambie wewe. Umefika bondeni, umekuta maua ya mwanao yamekatwa yote, mpini wa jembe uko mkononi. Ungeushusha?