Picha ya Nyuma ya Redio

Kila siku akitoka shuleni, Sofia alianza na kazi za bibi yake, Bibi Mwanne: kuosha vyombo, kuteka maji bombani, kuanua mihogo iliyoanikwa uani. Akimaliza alijifungia chumbani, akavuta kopo la maziwa ya unga lililokuwa chini ya kitanda na kupanga picha zake. Hapo hata ungemwita mara tatu asingesikia.

Zilikuwa picha za wachezaji wa mpira zilizotiwa ndani ya pakiti za bigijii, ubani wa kutafuna, mwaka 1994, Sofia angali mtoto wa kubebwa mgongoni. Sasa ilikuwa 2003, na bigijii zile zilikuwa zimetoweka zamani katika maduka ya Mandawa. Kila picha ilikuwa na mchezaji mbele, na nyuma yake kipande cha picha kubwa. Ukizigeuza zote ishirini na nne na kuzipanga sawasawa, unaiona timu nzima imenyanyua kombe. Picha kubwa ya Sofia ilikuwa na tundu katikati. Wachezaji wameinua mikono juu, na mikono yenyewe imeshika hewa. Picha namba kumi na tano ndiyo iliyokosekana.

Pesa ya kununulia picha Sofia hakuwa nayo, na hakuna aliyekuwa nayo nyumbani kwao. Picha zake alizipata kwa jasho. Moja alipewa baada ya kusugua masufuria ya mama muuza vitumbua mpaka yakang'aa. Nyingine aliibandua kwa maji ya moto kwenye mlango wa kijana mmoja aliyekuwa ameoa na kusahau mambo ya bigijii. Nyingine ilitoka kwa fundi baiskeli wa Nachingwea, siku alipomsindikiza Bibi kuuza ufuta. Fundi alimpigisha pampu mchana kutwa, kisha akampa picha yenye alama ya kidole cha grisi.

Lakini ile namba kumi na tano ilikuwa nyumba ya pili tu kutoka kwao. Sofia aliiona siku alipotumwa kuomba chumvi kwa Mzee Awadhi. Redio ya mzee ilikuwa imepoteza mfuniko wa betri, na picha ile ilichomekwa nyuma ili kuzikaza betri zisicheze. Namba ilionekana wazi kwenye kona. Moyo ulimlipuka Sofia kwa furaha, halafu ukanywea, maana katika nyumba ile alikaa Swaumu.

Swaumu alikuwa mjukuu wa Mzee Awadhi. Yeye na Sofia walisoma darasa moja na walichukiana waziwazi, tangu siku Sofia alipomsema kwa mwalimu kwamba ananakili hesabu. Wakikutana bombani, ndoo ziligongana. Wakiketi dawati moja, viwiko vilipigana.

Hata hivyo Sofia alijikaza, akamfuata.

"Swaumu, ile picha iliyo kwenye redio ya babu yako. Nikikupa chochote unachotaka, utaniombea?"

Swaumu alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Babu alisema haitoki. Hata aje nani, haitoki. Na wewe ndiyo kabisa."

"Lini alisema?"

"Alisema. Nenda kanishtaki tena kwa mwalimu wako."

Sofia aliondoka kwa hasira. Kumwendea mzee mwenyewe hakuthubutu, maana aliamini neno limeshatoka.

Mwezi uliofuata Mzee Awadhi aliugua na kufariki. Watu walijaa, na Bibi Mwanne akaingia msibani akiwa amevaa koti la marehemu. Ukoo wake na wa marehemu walikuwa watani tangu enzi za mababu, na mtani akifiwa, mtani mwenzake ana kazi yake: kuwachekesha wafiwa na kuteka vitu vyao mpaka wavikomboe. Bibi alitembea akichechemea kama Mzee Awadhi alivyokuwa akichechemea. Alikohoa kikohozi chake. Alikalia sufuria la wali mbele ya wapishi akakataa kunyanyuka mpaka apewe chai. Waliokuwa wanalia wakacheka, wakalia tena, na mzigo ukapungua.

Sofia alisimama mlangoni akitazama. Bibi amechukua koti na hakuna aliyemkemea. Bibi amekalia sufuria, watu wanacheka tu. Kwani na mimi si mtani? akajiambia. Aliwaza hivyo harakaharaka, kama mtu anayejua kwamba akiwaza polepole atajikatalia mwenyewe. Wanawake walipotoka kupokea wageni, aliingia chumbani, akachomoa picha, akaitia ndani ya gauni na kwenda zake.

Nyumbani aliipanga kati ya zile nyingine. Kombe likatokea, la dhahabu, limekaa mikononi mwa timu yote. Lilikuwa na doa la kutu ya betri pembeni, lakini lilikuwa kombe. Sofia alifurahi sana, na furaha ile haikufika hata jioni. Angemwonyesha nani? Picha alizozihangaikia miaka miwili zilikuwa zimetimia, naye amezifungia kwenye kopo kama kitu cha aibu.

Matanga yalipoanuliwa, mjane wa mzee, Bibi Kulthumu, alibaki ndani akikaa eda. Jioni moja alitaka kusikiliza redio. Akawasha, ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Betri zilikuwa zinacheza, na picha haipo.

Swaumu hakuhitaji kuambiwa ni nani. Kesho yake, wakati wa mapumziko, alilipekua begi la Sofia bila hodi na kukuta kopo, ambalo siku hizo Sofia alitembea nalo ili Bibi asilione. Akaiinua picha yenye doa la kutu, darasa zima likaona.

"Mwizi. Siku ya kumzika babu yangu, huyu alikuja kuiba."

"Sikuiba," Sofia akasema, akainyakua. "Mimi mtani wenu. Mtani anachukua."

Walishikana mashati, na wenzao wakawaachanisha kwa shida. Baada ya masomo Swaumu alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Bibi Mwanne, Sofia akimfuata nyuma na ukosi wa shati umechanika. Bibi alikuwa anabangua korosho. Aliwasikiliza wote wawili asikatize, kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Unasema ulichukua kwa utani."

"Ndiyo, Bibi. Kama wewe ulivyochukua koti."

"Vizuri. Mimi nilipochukua koti, nani aliniona?"

"Watu wote."

"Na wewe, nani alikuona?"

Sofia akaanza kuushikashika ukosi uliochanika.

"Nakuuliza, mwanangu. Nani alikuona?"

"Hakuna, Bibi."

"Inuka tukairudishe."

Bibi Kulthumu aliipokea picha, akaichomeka nyuma ya redio, na sauti ikarudi. Hakutabasamu. "Kumbe ni hii tu," alisema. "Kipande chochote cha boksi kingeweza kazi hii. Ungeniomba, ningekupa siku hiyohiyo."

"Niliomba, Bibi. Swaumu aliniambia babu amesema haitoki."

"Babu yupi? Marehemu hakujua hata kama kuna picha. Niliichomeka mimi." Alimtazama Swaumu, na Swaumu akainamisha kichwa. "Wewe ulimsingizia babu yako maneno, na huyu ameniibia nikiwa na maiti ndani. Sasa simpi. Na maji ya kuoga mtanitekea nyinyi wawili mpaka arobaini."

Basi wakateka. Walibeba ndoo asubuhi na jioni, mmoja mbele, mwingine nyuma, bila kusemezana. Siku moja Swaumu alijikwaa akamwaga maji yote. Sofia alimgawia nusu ya yake, naye akayapokea bila ahsante. Urafiki haukuzaliwa hapo, nisikudanganye.

Siku ya arobaini, ua ulijaa wanawake wa karibu na wengine waliotoka Ruangwa mjini. Bibi Kulthumu aliketi mkekani, redio pembeni yake. Bibi Mwanne alimvuta Sofia sikio akamnong'oneza, "Unaitaka bado ile picha?"

"Naitaka, Bibi. Lakini alisema hanipi."

"Mtani hangoji kupewa. Ila safari hii pita katikati ya watu."

Sofia akainuka. Alipita katikati ya wanawake, wote wakimtazama, Swaumu akimtazama kuliko wote. Akafika mbele ya Bibi Kulthumu, akainyanyua redio na kuikumbatia.

"Shikamoo, Bibi. Redio nimeiteka. Siitoi mpaka niikomboe ile picha ya nyuma."

Wanawake wote wakamgeukia mwenye redio. Kisha Bibi Kulthumu akaanza kucheka, kicheko cha kwanza tangu afiwe na mumewe, mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Kwanza anayekomboa ni mimi, wewe mteka nyara usiyejua kazi," alisema. "Swaumu, mtolee picha. Ukakate kipande cha boksi uweke."

Wanawake wakaangua kicheko. Swaumu aliichomoa picha, akaiweka kwenye kiganja cha Sofia. "Kesho bombani usinipite foleni," akasema.

"Sikupiti."

Jioni ile Sofia alitandika mkeka uani, mahali ambapo kila mpitaji angeona, akazipanga picha zote. Bibi Mwanne aliinama akalitazama kombe na doa lake la kutu.

"Picha ni ileile," alisema. "Redio ni ileile, na wewe ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba leo mwenyewe alikuwa anakutazama. Ukitaka kujua kama jambo unalolifanya ni halali, usijiulize lina jina gani zuri. Jiulize kama ungelifanya mwenye mali akiwa amekaa mbele yako. Ukiona unangoja ageuke, acha."

"Nimesikia, Bibi."

Nje ya ua, Swaumu alikuwa anapita na ndoo yake. Akasimama kidogo, akachungulia.

"Kumbe ni kombe," akasema, akaendelea na safari yake.