Fremu Iliyomfunika Bibi Nasinkoi

Kila siku baada ya masomo, Rosina alirudi nyumbani, akavua sare, akala, kisha akaenda studio ya shangazi yake pale Manundu. Alifagia, alipanga picha kwenye bahasha na kupokea wateja. Miaka hiyo studio nyingi zilikuwa zinaacha kamera za filamu. Shangazi Josefina naye alinunua kamera ya dijitali na kompyuta, na Rosina, mwanafunzi wa darasa la sita, aliizoea kompyuta ile upesi. Alijua kupunguza giza kwenye picha na kuondoa wekundu wa macho. Zaidi ya yote, alijua kuweka fremu, yale mapambo ya ukingoni mwa picha.

"Picha bila fremu ni kama kitenge kisichopindwa," aliwaambia wateja, nao walicheka wakachagua: maua, mioyo au mistari ya dhahabu.

Ijumaa moja Shangazi alikwenda Mnyuzi kupiga picha za kipaimara. Alimwachia Rosina kazi moja, kuiwekea fremu picha ya harusi ya Yuditha, binti wa mzee Keriako, mfugaji wa Handeni.

"Tengeneza nakala kwanza," Shangazi alisema. "Ile ya asili usiiguse. Kadi ya kamera nimeshaifuta."

"Najua, Shangazi."

Kujua alijua, lakini alijiamini mno, akaona nakala ni kujichelewesha. Aliifungua picha ya asili, akachagua maua mazito mekundu, akayatandaza juu yake, akahifadhi, akachapa. Picha ilitoka inang'aa. Rosina aliitazama kwa furaha mpaka macho yake yalipofika ukingo wa kushoto. Katikati ya maua mawili ulitokeza mkono mwembamba wenye bangili za shanga. Ulikuwa mkono tu. Mwenyewe alikuwa amefunikwa.

Rosina alimjua mara moja. Shangazi alikuwa amemsimulia jinsi bibi Nasinkoi, mama wa mzee Keriako, alivyochelewa kufika harusini akasimama pembeni wakati picha inapigwa. Katika picha zote za siku ile, alikuwamo kwenye hiyo moja tu.

Alijaribu kuyaondoa maua. Hayakuondoka. Picha na fremu vilikuwa vimekuwa kitu kimoja.

Baadaye kidogo Hiza, mwanafunzi mwenzake, alipita kuchukua picha zake za pasipoti. Rosina alimweleza.

"Kwani shida iko wapi?" Hiza alisema. "Ukate na huo mkono. Mzee akiuliza, mwambie bibi alisimama mbali, kamera haikumfikia. Nani atajua?"

"Bibi mwenyewe atajua. Alisimama pale akaitazama kamera."

Hiza alichukua picha zake akaondoka.

Jioni Shangazi alipoingia, Rosina hakungoja kuulizwa. "Shangazi, nimeharibu picha ya harusi. Sikutengeneza nakala, na fremu imemfunika bibi Nasinkoi."

Shangazi aliitazama picha. "Nilikuambia," alisema.

"Uliniambia."

"Kesho mzee Keriako anakuja kuichukua. Utamweleza wewe. Mimi nitakaa hapa karibu yako."

Kesho yake mzee alifika. Rosina alimwamkia, akamweleza yote bila kupunguza. Mzee Keriako aliugusa ule mkono kwenye picha.

"Mama yangu hajawahi kupigwa picha nyingine," alisema taratibu. "Kila nikienda kwake, haniulizi habari za ng'ombe. Ananiuliza picha."

Rosina hakuinamisha uso. "Mzee, naomba tuje tumpige nyingine. Fremu nitaiweka mimi, na sitaifunika hata shanga yake moja."

Mzee alimtazama. "Ungeweza kunidanganya, nami nisingejua. Njooni kesho baada ya ibada. Yuditha na mumewe watakuwapo."

Jumapili, alipofika Handeni na Shangazi, Rosina alimwinamia bibi Nasinkoi kumwamkia, naye bibi akamgusa utosini. Mzee Keriako alimweleza mama yake kisa chote kwa Kimaasai. Bibi alisikiliza, akatikisika kwa kicheko kisicho na sauti, akasema neno.

"Anasema leo hasimami pembeni," mzee alifasiri.

Wakamletea kigoda, akaketi katikati. Yuditha, aliyevaa tena mavazi yake ya harusi, akasimama nyuma yake pamoja na mumewe, na ukoo wote ukajipanga kulia na kushoto.

Jumatatu Shangazi aliketi kando ya Rosina mbele ya kompyuta. Rosina alitengeneza nakala. Kisha, kama Shangazi alivyomwonyesha, aliongeza nafasi tupu kuizunguka picha, na fremu ya mistari ya rangi ya bluu na nyekundu akaiweka juu ya nafasi ile. Hakuna aliyeguswa.

Mzee Keriako alipoipokea, alipitisha kidole kutoka uso hadi uso, kikaishia kwa mama yake. "Sasa nina jibu la kumpelekea," alisema.

Alipoondoka, Shangazi alimgeukia Rosina. "Kazi ya fremu ni kuizunguka picha, si kuila. Na fundi hodari haruki hatua kwa sababu anaiona ndogo. Hilo limekuingia?"

"Limeniingia, Shangazi."

"Basi sikia na hili. Umekosea, lakini ulisema mapema, ndiyo maana tuliweza kutengeneza. Nikimtafuta mtu asiyekosa nimwachie studio, sitampata. Nitamwachia yule anayeniambia amekosa."