Kikombe cha Mchochea Moto

Veneranda aligundua maji yanapungua. Ndoo aliyoijaza asubuhi na kuifunika, mchana aliikuta nusu, na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine ila mumewe, Mwalimu Osmund, aliyeshinda sebuleni na vitu vyake vya vita.

Osmund, mwalimu mstaafu wa historia pale Mbinga, alikusanya mabaki ya meli ya Wajerumani iliyopigwa mizinga Ziwa Nyasa mwaka 1914. Kila kitu kilikuwa na kadi: kimeokotwa wapi, lini, na sahihi ya aliyekitoa. Cha karibuni kilikuwa kikombe cha bati. Mzee Mansuetus wa Liuli alitia sahihi kwamba alikiokota ufukweni.

"Baba Zita," Veneranda aliita kwa sauti ya chini, "njoo uone."

Kutoka kabati lenye kikombe kile hadi kwenye ndoo, juu ya sakafu aliyotoka kuipiga deki, zilipita nyayo za miguu mitupu, nyeusi kwa masizi, na mbele ya ndoo zilisimama pamoja kama za mtu aliyeinama kunywa, huku harufu ya moshi na mafuta ya mashine ikijaa nyumba ambayo siku hiyo haikuwashwa moto, na karibu yao kabisa, pasipo na mtu, kitu kikisikika kikimeza funda baada ya funda bila kupumzika.

Osmund alitoka nje akampigia simu Mansuetus.

"Shikamoo, mzee. Kile kikombe ulikiokota wapi hasa?"

"Marahaba." Mzee alishusha sauti. "Sikukiokota, mwalimu. Nilikifukua kaburini. Mwenye kaburi alikuwa mchochea moto wa meli ile, aliungua, akafa akiomba maji. Walimzika nacho. Niliogopa ungekikataa."

"Nakirudisha leo."

"Kiondoe tu," Veneranda alimwambia mlangoni. "Mimi nitasafisha sakafu."

Alasiri, Liuli, Katekista Egidi alisali kando ya kaburi huku Osmund na Mansuetus wakichimba. Walifika kiunoni. Walikuta kipande cha mkeka kilichooza, na chini yake mchanga mtupu.

"Mifupa niliiacha hapahapa," Mansuetus alinong'ona.

Simu ya Osmund ikaita. Veneranda alikuwa akipumua kwa shida.

"Baba Zita, usikate. Kuna mtu amekaa sebuleni. Anasema kikombe mkifukie tu, hakihitaji tena. Anasema nitamnywesha mimi, kwa mikono yangu."