Pipa la Mboji na Punje Tano

Kila jioni, kabla sijavua sare za shule, nilikuwa na kazi moja isiyo na mjadala: kulizungusha pipa la mboji. Mizunguko kumi, si tisa. Mjomba wangu, fundi wa kuchomelea, ndiye aliyelitengeneza kwa pipa kuukuu la mafuta ya kupikia. Alipitisha bomba katikati, akalikalisha juu ya miguu ya chuma, akalitoboa matundu ya hewa na kulikatia kimlango chenye komeo. Ukisukuma mkono wake linageuka lote, na ndani unasikia maganda na majani yakianguka pwa, pwa, pwa. Baada ya miezi miwili hivi, taka za jikoni zinakuwa mboji nyeusi, nayo mboji inakwenda kwenye matuta ya Bibi nyuma ya nyumba.

"Kumi?" Bibi aliuliza jioni moja kutoka jikoni.

"Kumi, Bibi!"

"Mbona mimi nimesikia nane?"

Bibi ana mtoto wa jicho na haoni vizuri, lakini masikio yake, mama wee! Nikarudi kuongeza miwili huku nimenuna. Alikuwa akiniita Chapuchapu tangu nikiwa mdogo, kwa sababu kila kazi nilitaka imalizike kabla haijaanza. Tuliishi wawili tu, mimi na yeye. Mama alifanya kazi mbali, akija mwisho wa mwezi.

Pipa halili maganda matupu. Bibi alisema maganda matupu yanaoza na kunuka kama soksi za mjomba, kwa hiyo lazima uchanganye na majani makavu na nyasi. Nyasi nilipaswa kuzikata kando ya mto, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, gunia kichwani. Jumamosi moja wenzangu walikuwa na mechi ya netiboli, nami nilikuwa mfungaji. Nikatazama jua, nikatazama gunia. Nikakumbuka kwamba nyuma ya uwanja wa shule kulikuwa na rundo la nyasi zilizokatwa tayari.

Nilijua habari ya nyasi zile. Siwezi kusema sikujua. Mtunza uwanja alikuwa amesimama mstarini wiki mbili nyuma, akatutangazia kwamba amepulizia uwanja dawa ya kuua magugu, na kwamba nyasi zake mtu asizichukue, wala za mbuzi wala za bustani. Alifunga hata uzi wenye kitambaa chekundu kuzunguka rundo lile. Mimi nilipita chini ya uzi. Nilijaza gunia langu kwa dakika kumi, nikafunga mabao sita, nikarudi nyumbani naimba.

"Leo umewahi," Bibi alisema, akipapasa nyasi. "Za mtoni hizi?"

"Za mtoni, Bibi."

Neno lenyewe lilitoka laini kabisa. Nikazitia nyasi pipani, nikazungusha mara kumi kamili.

Miezi miwili ikapita. Mboji ilitoka nyeusi, inanukia udongo wa mvua ya kwanza, na Bibi akaibana mkononi akicheka peke yake. Lakini yeye haamini mboji kwa harufu. Ana desturi yake: anachota mboji ya kujaza kopo la rangi, anaotesha humo punje tano za maharage, na kusubiri siku kumi. Miche ikitoka mizuri, mboji imekubali. Ikitoka na kasoro, hairuhusiwi kugusa tuta.

Safari hii, alipokwisha kupanda, alinipa mimi kopo. "Macho yangu yamechoka," alisema. "Wewe ndiye utakayeniangalizia. Ukiona jani limejikunja tu, niambie."

Maharage yenyewe yalikuwa mbegu ya mama yake Bibi, meupe yenye mabaka mekundu, na sokoni hutayaona. Ukame wa mwaka uliopita na fukusi walikuwa wamemaliza yote, ikabaki nusu chupa, nayo ilikuwa na umri wa miaka mitatu. "Msimu huu lazima ziingie ardhini," Bibi aliniambia. "Zikilala mwaka mwingine, haziamki."

Siku ya nane miche ikachomoza. Siku ya kumi nikaitazama. Majani yalikuwa yamejikunja kama vikombe, na shina moja lilikuwa limejisokota mpaka ncha yake inatazama chini. Nikakumbuka kitambaa chekundu. Nikakumbuka "za mtoni, Bibi".

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Bibi alikuwa hatua sita kutoka nilipokuwa, anachagua mchele, na kusema kungechukua dakika moja. Badala yake niliing'oa miche ile nikaitupa chooni. Nikamwaga mboji ya kopo, nikajaza udongo mweusi wa nyuma ya jiko, nikachukua punje nyingine tano kwenye chupa, nikazipanda. Bibi alipouliza nikamwambia baridi imezichelewesha.

Baada ya siku kumi nyingine nikampelekea kopo. Akapapasa jani moja moja kwa ncha za vidole, taratibu, kama anavyonipapasa uso nikiwa na homa. Majani yalikuwa laini na yamenyooka.

"Imekubali!" akasema. "Ahsante, mjukuu wangu. Bila wewe ningefanyaje?"

Nilijiambia labda dawa ilikuwa nyingi kwenye mboji ya lile kopo tu, labda mvua itaiosha. Bibi akatia mboji matuta yote manne, akapanda mbegu zote za chupani, hakubakiza hata punje. Miche mitano ya kopo aliihamishia pembeni ya ukuta wa nyumba pamoja na udongo wake, kwa kuwa kwenye matuta nafasi ilikuwa imejaa.

Mvua haikuosha kitu. Wiki ya tatu Bibi aliinama bustanini kupapasa. Akaenda tuta la pili, akapapasa. La tatu. Majani yote yalikuwa vikombe. Alikaa chini pale pale kwenye tope, na nguo yake safi.

"Pipa," alisema mwishowe. "Ni pipa la mjomba wako."

"Bibi, kopo si lilikubali?" nikauliza.

"Mboji ya kopo niliichota juu. Mboji ya chini imelamba sumu ya pipa. Nani ajuaye lilibeba nini kabla?"

Mjomba alipokuja, Bibi hakumpa hata kiti. Alimwambia maneno ambayo sikuwahi kumsikia akimwambia mtu, sembuse mwanawe wa kumzaa. Kwamba ameokota pipa la sumu jalalani. Kwamba tangu utotoni ni mtu wa bora liende. Mjomba, mtu wa mizaha kutwa nzima, alisimama na kofia mkononi.

"Mama, lilikuwa la mafuta ya kupikia. Nililiosha kwa maji ya moto mara tatu. Naapa."

"Usiniapie. Kesho uje ulichukue."

Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika ufagio. Nilifagia mahali pale pale mpaka vumbi likaisha.

Kesho yake mjomba akaja na mkokoteni. Hakunitania. Alianza kufungua nati za miguu ya pipa moja moja, na mikono yake, iliyozoea chuma, ilikuwa inateleza kwenye spana. Alipoinama nikaona anajifuta macho kwa bega. Mjomba wangu analia!

"Mjomba, acha," nikasema. "Si pipa. Ni mimi."

Nikaeleza yote, nyasi, kitambaa chekundu, kopo. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kuruka mbele, lakini nilieleza. Bibi alikuwa amekaa kizingitini. Nilingoja anipige. Aliuliza swali moja tu.

"Miche ya ukutani ilioteshwa kwenye udongo gani?"

"Wa nyuma ya jiko, Bibi."

Akainuka, akaenda mpaka ukutani, akapapasa ile miche mitano. Ilikuwa imenyooka, inapanda ukuta, na ua la kwanza lilikuwa limefunguka. Mbegu yote ya mama yake iliyosalia ilikuwa pale, kwenye udongo wa uongo wangu. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

"Yameisha, Mama," mjomba alijibu, lakini maji aliyoletewa hakuyanywa. Alizikaza nati upya. Alipomaliza alinitazama, akajaribu kunitetea. "Mama, kutenda kosa si kosa. Kosa ni kurudia kosa."

"Na yeye karudia," Bibi akasema. "Nyasi, moja. Kopo, mbili. Kunyamaza wakati nakutukana wewe, tatu."

Mchana ule tulikwenda kwa mtunza uwanja. Alitikisa kichwa alipotusikia. Alituambia dawa ile inaua mimea ya majani mapana na haifi upesi, hata pipani inakaa. Mahindi haiyadhuru, lakini maharage tusiyapande matuta yale mpaka kopo la majaribio liote vizuri, hata ikichukua misimu miwili au mitatu.

"Si nilisema mstarini?" akaniuliza.

"Ulisema," nikajibu.

Niliing'oa miche ya mbegu za mama yake Bibi kwa mikono yangu mwenyewe, matuta yote manne, mche kwa mche. Wenzangu walipita wakiniita uwanjani, nikawaambia siji. Tukapanda mahindi. Pipa nikalisafisha, nikaanza upya, na nyasi nilizikata mtoni, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Mjomba hakuja kwa wiki tano. Alipokuja alileta komeo jipya la pipa, akakaa, na safari hiyo akanywa maji.

Maganda ya miche mitano yalipokauka, Bibi aliyapukuchua kwenye sinia. Punje zake hazikujaza kikombe. Akazipitisha vidoleni moja moja.

"Msimu ujao zote zinarudi ardhini, huku ukutani," alisema. "Na msimu utakaofuata, tena zote. Maharage tutayapika mwaka wa tatu. Wewe utayala. Mimi sijui."

Nikaanza kulia. Hakuninyamazisha.

"Sikia, mjukuu wangu," akasema. "Kufuata njia ya mkato ni utoto, ningekugombeza, tungemwaga pipa moja la mboji, basi. Mbegu zangu hazikuuawa na dawa. Miche ya kwanza ilisema kweli siku ya kumi, wewe ukaifunga mdomo. Mtu akikuamini akuangalizie kitu, amekukabidhi macho yake. Ukimdanganya, umempofusha, na kipofu hukanyaga hata wasio na hatia. Mimi nimemkanyaga mwanangu. Kosa liseme likiwa bado changa, maana likikomaa halikuli peke yako."

Kisha akaniletea kopo la rangi, mboji mpya na punje tano kutoka kwenye kile kikombe kisichojaa.

Nikafurahi, nikanyoosha mikono. Lakini Bibi hakuniachia. Alivuta kigoda, akakaa mbele yangu, akaingiza vidole kwenye kopo.

"Jaza nikiwa hapa," akasema.

Nikajaza, taratibu, na vidole vyake vikawa humo muda wote.