Alama ya Kumi na Saba

Asubuhi ile Mama Hashi aliona herufi k mahali isipopaswa kuwapo.

Mwingine angeipita. Lakini yeye alikuwa ameitunza maktaba ile ya programu, yaani fungu la msimbo ambalo programu nyingine hulitumia, kwa miaka tisa, na ni kwa sababu yake ofisi ilimpachika jina hilo. Kazi ya maktaba ilikuwa hii: unaipa faili, nayo inalisaga mpaka ibaki hashi, yaani namba moja ndefu ya kulitambulisha faili hilo peke yake, kama alama ya kidole. Kisha inaiandika namba hiyo kwa alama kumi na sita tu, sifuri hadi tisa na a hadi f, ili binadamu aweze kuisoma. Na ukitaka, inayageuza maandishi yale yawe namba tena. Baada ya f hakuna kitu. K haikuwa na kwao pale.

Alipochunguza akakuta inatokea kwenye mafaili ya mtu mmoja: mdogo wake wa tumbo moja.

Huyo mdogo mtu alikuwa na miezi mitano tu kazini, na Mama Hashi ndiye aliyemwombea nafasi. Mfadhili mbuzi, walisema wahenga. Binti alikuja akaiandika upya ile sehemu ya kugeuza hashi, ikawa inakwenda mara nne ya mwendo wa zamani. Siku chache kabla ya asubuhi ile mkuu wa ofisi alimsimamisha mbele ya watu, akasema kumbe miaka yote tisa walikuwa wakitambaa. Watu wakacheka. Mama Hashi naye akacheka, akapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Wenzake walipotoka kwenda kula, akabaki mezani, akakinong'oneza kioo cha kompyuta: "Bora angefutika."

Tangu saa hiyo meza yake ikawa inanuka nywele zilizoungua.

Ilimpasa aiseme ile k. Hakuisema. Alijua kosa litahesabiwa la mdogo wake, na moyo wake, Mungu amsamehe, ukapoa.

Siku ya tatu k zilikuwa mbili, na n ikazifuata. Na mdogo wake akaanza kupotea. Kwanza alisahau nywila yake, wakamtania. Kisha akasahau ofisi iko ghorofa ya ngapi, mlinzi akamkuta amekaa kwenye ngazi. Halafu mchana mmoja akaja kwenye meza ya dada yake, mkoba begani, akauliza kwa sauti ya chini kama anayeona haya.

"Dada, mimi nakaa wapi?"

"Unakaa kwangu. Chumba cha mbele."

"Na jina langu?"

Mama Hashi akamwambia. Binti akalirudia polepole, kama mtu anayeonja dawa.

Hapo ndipo hofu ilipomshika. Wenzao walipotoka, alimkalisha mdogo wake pembeni, akaichukua hashi yenye zile herufi ngeni, akaiamuru maktaba iigeuze. Ilipaswa kuikataa. Na hata ingekubali, hashi hairudi kuwa faili, kama unga usivyorudi kuwa mahindi. Lakini feni ya darini ilisimama, na harufu ile ya nywele ikamjaa kooni, na vibonye vya kompyuta za meza tupu vikaanza kubonyezwa kimojakimoja, meza ya mbali kwanza, kisha ya karibu, kisha ya karibu zaidi, na kwenye kioo chake yakapanda mambo ambayo hayakupata kuandikwa katika faili lolote, siku ya kwanza ya shule mdogo wake alipomng'ang'ania mkono asimwache getini, kovu la goti na aliyelisababisha, sauti ya marehemu mama yao akiwaita ndani mvua ikianza, mstari kwa mstari, na kila mstari ukishasomeka ulifutika, na kila ulipofutika binti kule pembeni alishtuka kidogo kama aliyechomwa sindano, mpaka chini kabisa yakabaki maneno manne.

*Ulisema afutike. Bado kidogo.*

Mama Hashi aliikimbilia nyumba ya shangazi yao, muuguzi mstaafu ambaye watu humwendea kimyakimya hospitali ikishindwa. Kesho yake saa ya chakula shangazi aliingia ofisini na viatu vya mpira, akanusa, akawakalisha dada wawili wakitazamana. Juu ya kompyuta hakuuliza neno.

"Hili halikuja lenyewe," alisema. "Limeitwa. Aliyeliita aseme mbele ya aliyesemewa."

Mama Hashi akaanza kueleza habari za mitambo. Shangazi akamngoja tu, mpaka maneno yakamwishia.

"Nilikuonea wivu," akamwambia mdogo wake. "Nilisema bora ungefutika. Nikaona dalili, nikanyamaza."

Binti alimtazama kama anavyotazamwa mgeni.

"Limeahidiwa jina la kufuta, mwanangu," shangazi akasema. "Lipe lako."

Mama Hashi akafungua ukurasa wa kwanza wa maktaba, palipoandikwa jina lake kama mtunzaji kwa miaka tisa, akaanza kulifuta. Kila herufi ilimuunguza ncha ya kidole. Ilipotoka ya mwisho, kitu kizito kilipita kati yao, mapazia yakavutwa kuelekea dirishani, na ile harufu ikatoka nacho.

"Dada," mdogo wake akasema, "mbona umeungua vidole?"

Akakumbuka yote. Akakumbuka na lile ungamo. Jumamosi alihama chumba cha mbele, akaufunga mlango taratibu, na huo utaratibu ndio uliouma.

K hazikuonekana tena. Mwezi ulipoisha, mkuu wa ofisi alileta wageni, akawaeleza kwamba maktaba ile, tangu mwanzo hadi mwisho, ni kazi ya binti huyu, kwani hakuna jina jingine ndani yake. Binti akainamisha macho. Hakusahihisha.

Mama Hashi akapiga makofi pamoja na wengine. Watu walipokwenda kula, alibaki peke yake, na maneno yakampanda kooni, moto kama uji. Akauziba mdomo kwa mikono yote miwili, akaubana.

Kando yake kiti kitupu kikalia taratibu, kama cha mtu anayeinama ili asikie vizuri.